Kisanduku cha Shibe

Karakana ya Dharmen Gounder iko nyuma ya duka la matairi, hapa Lautoka, Fiji, na kazi yake ni moja tu. Mtu analeta gari la haibridi, lile linalojichaji lenyewe likitembea, anaondoka nalo likiwa na betri ya pili kwenye buti na waya wa kuchomeka ukutani. Mafundi ni wawili, Dharmen na Makereta. Betri si shida. Shida ni kompyuta ya gari, ambayo ni bahili kupindukia: ikiona umeme umepungua kidogo tu, inawasha injini na kuanza kunywa petroli. Kwa hiyo Makereta hufunga kisanduku kidogo kama cha kiberiti, ambacho kinaiambia kompyuta mchana kutwa kwamba betri imejaa. Pale karakana hawasemi imejaa. Wanasema gari limeshiba.

"Tunalidanganya," Dharmen huwaambia wateja, "lakini kwa faida yake."

Gari la kwanza kufungwa kisanduku hicho lilikuwa teksi ya Ilaitia, mjomba aliyemlea Makereta na ambaye sasa analea wajukuu watatu peke yake. Wiki ile ile Ilaitia aliacha kula. Hakugoma wala hakuugua. Aliketi kwenye teksi, akashiba, na aliposhuka alikuwa bado ameshiba.

Hakuna aliyeshtuka, na hapo ndipo sisi watu wa huku tulipokosea. Huku mtu hapiti mbele ya mlango ulio wazi bila kuitwa aje ale, hata kama sufuriani kuna kipande kimoja cha muhogo, naye sharti ajibu, "Ahsante, nimeshiba," hata kama tumbo linanguruma. Ilaitia alikuwa amejibu hivyo tangu utotoni, na nyumbani kwake alijibu hivyo kila jioni ili watoto wapate. Nani angejua kwamba safari hii anasema kweli?

Kilichojua ni mkanda wake. Kufikia Agosti alikuwa ameutoboa matundu manne mapya. Makereta akampeleka hospitali. Daktari akampima, akampima tena, akavua miwani.

"Damu inasema ana njaa. Mwenyewe anasema ameshiba. Sasa mimi nimwandikie nani dawa?"

Njiani Makereta akamuuliza mjomba, "Na abiria wako je?"

"Nawashusha sokoni, hawanunui kitu. Mama mmoja kanigombeza, eti nimemharibia safari."

Makereta alichanganyikiwa. Alipima kila waya, akapima volti, vyote vilikuwa sawasawa. Kisanduku kilisema uongo ule ule aliokifundisha, ila hakikuchagua wa kumwambia. Aliogopa kumpoteza mjomba wake. Jumamosi adhuhuri alikwenda kwake, akakichomoa, akaingia ndani. Watoto walikuwa wanakula muhogo na samaki wa kopo.

"Mjomba, karibu chakula," Makereta akamwita.

"Nina njaa," akasema Ilaitia.

Watoto waliacha kutafuna. Neno hilo halikuwa limewahi kusemwa na mtu mzima katika nyumba ile. Ilaitia alikula kilichokuwa sahanini, akakomba sufuria, kisha akabaki anatazama. Yule mdogo kabisa, Vani, mwenye miaka sita, alimsogezea sahani yake.

"Kula tu, babu. Mimi nimeshiba."

Alikula na ya Vani, huku machozi yanamtoka.

Jumatatu, karakana haijafunguliwa, teksi ilikuwa imeshaegeshwa mlangoni.

"Nirudishie," akasema Ilaitia.

"Mjomba, utakufa!"

"Njaa naijua, mwanangu, nimekua nayo. Chakula cha kututosha ndicho sikipati. Rudisha."

Makereta alilia, akarudisha. Walikubaliana awe anakula mara moja kwa siku, kwa kufuata saa, kama mtu anayemeza vidonge. Siku nyingine hukumbuka.

Mwezi uliofuata mwenye kiwanda kimoja cha nguo alipanda teksi ile akienda kula chakula cha mchana, akashiba, akageuza njiani. Kesho yake alileta basi dogo la kuwabebea washonaji wake, nalo ni haibridi.

"Nifungie kikubwa mlicho nacho," akasema.

Makereta alimvuta Dharmen pembeni. "Bosi, huyu hatafuti umeme."

"Dada, sisi ni mafundi wa magari. Gari lake litashiba. Mengine tusiyoyajua tutayafungaje?"

Akaenda kutafuta bisibisi. Kazi ilichukua siku mbili. Makereta aliijaribu mwenyewe, ameketi kiti cha nyuma, na roti yake ya mchana, ile chapati nyembamba, ilibaki kwenye karatasi hadi ikakauka.

Siku hizi pale kiwandani palipokuwa na jiko sasa pana vyerehani kumi na viwili. Saa kumi na moja jioni basi linawashusha washonaji mbele ya karakana, nao wanaendelea kwa miguu. Makereta hutoka mlangoni na kuwaita kama inavyopasa.

"Jamani, karibuni mle!"

"Ahsante, tumeshiba!" wanaitikia wote kwa pamoja, kwa uchangamfu kabisa, na wanapita, kila mmoja ameshikilia sketi yake kiunoni isidondoke.