Chuma cha Kujishikia cha Ma Kokubanza

Ma Kokubanza wa Buganguzi alipoteleza bafuni akaumia kifundo cha mkono, wanawe walikubaliana upesi kwamba ukutani pafungwe chuma cha kujishikia. Kukubaliana kulikuwa kazi ya jioni moja. Kukifunga kulichukua miezi, maana kila mmoja katika kundi lao la WhatsApp alikuwa na maoni kuhusu urefu wa chuma na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kwenda. Hatimaye mkwewe, Clavery, akaandika kwamba watu waache kuhangaika: yeye ana drili.

Drili hiyo ya kuchaji, isiyo na waya, aliinunua Mwanza alipokwenda kusahihisha mitihani. Clavery hufundisha fizikia sekondari mjini Bukoba na anaishi Rwamishenye, na tangu siku ile drili ilikuwa inakaa sebuleni pembeni ya televisheni, mdomo juu, kama kombe la mashindano. Wageni walielezwa nguvu zake. Kuta za nyumba ile hazikuwahi kuguswa. Mkewe Celina, ambaye ni muuguzi, alipomwomba atoboe mahali pa kutundikia pazia, alijibiwa kwamba mashine ya namna ile si ya mapazia.

Jumamosi wakaenda Buganguzi, Clavery akiwa ndani ya koti la suti. Walimkuta Audax, kaka yake Celina, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Muleba mjini. Alikuwa ameleta chuma chenyewe, skrubu, na maoni.

Shida ya kwanza ilianzia mlangoni. Mwanamume haingii hivi hivi katika bafu la mama mkwe wake, na Clavery, pamoja na fizikia yake yote, hakuthubutu. Ikaamuliwa Audax aingie na drili, na Clavery abaki koridoni, mlango umerudishwa, atoe maelekezo.

"Shika kwa mikono miwili, shemeji," alisema Clavery. "Ncha iguse ukuta, inyooke. Sasa bonyeza."

Drili ikalia. Ililia vizuri sana. Vumbi kidogo likadondoka, kisha likaacha kudondoka.

"Imeingia?"

"Inang'arisha," alijibu Audax.

"Ongeza nguvu. Ukisukuma zaidi, msuguano unaongezeka."

Audax akaegemea kwa tumbo lake lote. Harufu ya kuungua ikajaa bafuni, na ukutani pakabaki doa jeusi, kana kwamba mtu alizima sigara pale. Wakahamia pengine. Pakawa na madoa mawili.

Celina alikuwa akipita na sufuria ya ndizi. Akachungulia ndani, kisha akamgeukia mumewe.

"Baba Nancy, inazunguka kinyume. Juu ya kitufe cha kuwashia kuna kingine cha kugeuzia. Kimesukumwa upande wa kufungulia skrubu."

"Hicho ni cha usalama," Clavery alimwambia.

"Kina mshale."

"Celina, ndizi zitaungua."

"Mdogo wangu, drili hizi mimi ninaziuza," Audax alidakia kutoka ndani. Ni kweli aliziuza. Hakuwahi kufungua boksi hata moja.

Celina akaenda zake jikoni. Wanaume wakajadiliana. Clavery alilaumu ukuta, Audax alilaumu betri. Waliichomoa betri, wakaipuliza, wakairudisha, wakasikiliza. Mwisho wakaiweka kwenye chaji wakaenda kula.

Mezani Clavery alimweleza mama mkwe wake, macho akiyaelekeza kwenye bakuli la maharage kwa heshima, kwamba kazi imechelewa kwa sababu nyumba yake imejengwa kwa uimara usio wa kawaida.

"Waitu, jamani," alisema Ma Kokubanza, "aliyeijenga alikuwa mlevi."

Baada ya chakula Audax aliinyanyua drili kwa mkono uliojaa mafuta ya parachichi. Ikamponyoka, ikagonga ukingo wa ndoo ya chuma, ikatua sakafuni. Kitufe kile cha kugeuzia kikahamia upande wa pili. Audax akaiokota, akaibonyeza, na ukuta ukaipokea kama muhogo uliochemshwa.

"Imekubali," alisema.

"Nilijua ni suala la nguvu," alisema Clavery koridoni.

"Nilisema ni betri."

"Endelea, usiiachie. Tunahitaji kina."

Audax akaendelea. Alipata kina, na zaidi ya kina, maana bomba la maji la plastiki lilikuwa limepita humo humo.

"Shemeji, maji yanatoka."

"Huo ni unyevu wa tofali."

"Yananipiga usoni."

Clavery alikuwa bado anatafakari jibu maji yalipopita chini ya mlango na kuingia katika viatu vyake. Celina ndiye aliyetoka mbio uani kufunga koki ya tangi.

Sasa mashimo yalikuwa mapana kuliko skrubu, kwa kuwa Audax alikuwa akitoboa huku akiyumba. Wakayajaza vijiti vya kuchokolea meno na vipande vya boksi la drili, wakakaza. Chuma kikasimama. Audax akakigusa kwa kidole kimoja, Clavery akasogea hadi kizingiti na drili kifuani, wakapigwa picha, ikatumwa kwenye kundi. Pongezi zikamiminika kutoka Dar es Salaam, Mwanza na Arusha. Dada mmoja aliandika kwamba Mama amebarikiwa kupata wanaume.

Ndipo Celina akamleta Ma Kokubanza, mkono wake ukiwa umemzunguka kiunoni. Mama akakishika chuma, akaegemea kidogo tu. Kikatoka pamoja na kipande cha plasta. Kwa sababu Celina hakumwachia, hakuanguka. Akabaki amekishika mkononi, anakitazama.

"Asanteni, waitu," alisema. "Ni chuma kizuri. Kizito."

Hakuna aliyeifuta picha. Clavery alisema tatizo ni boksi, limetengenezwa kwa karatasi duni. Jua lilipoanza kushuka akachukua funguo za gari na kumwambia mkewe ajiandae.

"Mimi nabaki," alisema Celina.

"Mpaka lini?"

"Mama ataogaje?"

Clavery akaikumbatia drili yake. Akaondoka peke yake, soksi zake zikiwa zimeanikwa kwenye dashibodi.

Jioni Celina alichota maji kwenye pipa, akayapasha moto, akamketisha mama yake juu ya kigoda katikati ya vumbi la tofali. Akaanza kumsugua mgongo.

"Mumeo amesoma sana," alisema Ma Kokubanza.

"Amesoma, Mama."

"Na kaka yako?"

"Ana duka."

Mabega ya mama yakaanza kutikisika. Celina alidhani analia, akainama amwone uso, akakuta anacheka, na yeye akacheka mpaka sabuni ikamtoka mkononi. Kisha akamshika kwapani, akamwinua taratibu.