Chungu Kidogo

Jumamosi saa nne asubuhi mshonaji alikuwa jikoni akibandika karatasi kwenye chupa za bia aliyoipika mwenyewe. Alipika aina mbili, kurwa na doto: rangi moja, povu moja, harufu ileile ya ganda la chungwa inayoletwa na hopsi, maua yanayoitia bia uchungu. Ulimi peke yake hauzitofautishi, kwa hiyo yeye hupima kwa miguu. Nyepesi humwinua mnywaji shibiri moja kutoka sakafuni. Kali, yenye hopsi maradufu, humfikisha darini. Nyepesi aliipika kwenye chungu kikubwa, kali kwenye chungu kidogo, na kwenye karatasi akaandika hivyohivyo.

Mumewe, fundi bomba, ndiye aliyechukua chupa za mashindano ya wapikaji wa mtaa. Mtu mwema, hana neno, ila bia ameijua kuinywa tu. Alisoma "chungu kidogo", akaelewa uchungu wa kiasi, akaiandikisha kundi la nyepesi. Karatasi ya pili hakujisumbua kuisoma.

Waamuzi watatu walionja, wakapanda taratibu mpaka juu. Mwamuzi mkuu, mwalimu mstaafu, alijisogeza mbali na feni.

"Fundi, hii siyo nyepesi hata kidogo. Hopsi umetia saa ngapi?"

Fundi akamtazama mkewe.

"Konzi moja mwanzo wa mchemko, mbili nilipozima moto, mbili ilipopoa," mshonaji akajibu. "Na chungu kidogo hapo ni chombo, mzee wangu, siyo ladha."

Walicheka huko juu mpaka vumbi la dari likawaangukia watu. Kisha wakaihamishia kundi la kali, wakaipa nafasi ya kwanza. Mshonaji alifurahi mno. Miaka sita alikuwa akitamani kuliona jina lake kwenye cheti cha mshindi, na leo wamesikia wenyewe mpikaji ni nani.

Akawashusha mmoja mmoja kwa kuwavuta miguu, polepole, glasi zisimwagike. Mwamuzi mkuu alipokanyaga chini alinyoosha koti, akaomba kalamu, akaandika jina la fundi bomba kwa mwandiko mzuri sana.

"Hongera, fundi," akasema. "Na wewe shemeji, ahsante kwa kutushusha."