Jukwaa la Wachimba Ming'oko

Mjukuu wangu Nasra alikuja Mpapura siku ya Ijumaa akiwa na daftari, na uso wa mtu aliyetumwa kuposa asijue aanzie wapi. Anafanya kazi kwenye duka la kuchapa karatasi kule Chuno, mjini. Alitaka kufungua jukwaa kwenye mtandao, mahali ambapo watu wasiojuana wanaulizana na kujibizana kwa maandishi, na kila kinachosemwa kinabaki palepale hata mwaka ukipita. Mwalimu wao wa semina alikuwa amewaambia kwamba jukwaa jipya likibebeshwa mambo mengi linakufa kabla halijatambaa. Sharti uchague mada moja nyembamba, yenye watu wachache lakini wanaoumwa nayo.

"Bibi," akasema, "wewe unaumwa na nini?"

Nikamwambia kiuno. Akaandika. Mtoto ana adabu sana.

Mada yake ya kwanza ilikuwa korosho. Nikamwambia korosho ina wenyewe: pale Naliendele kuna wasomi wanaojua mpaka shangazi wa kila mkorosho, na wanaume wa kijiji hiki wana makundi ya korosho kwenye simu mpaka simu zinachemka. Ya pili ilikuwa mapishi. Nikamwuliza mapishi ya nani, maana mama yake anaunguza chai. Ya tatu ilikuwa mapenzi. Nikataka kujua kama ana uzoefu, akafunga daftari.

Ndipo nikasema: ming'oko.

Mng'oko haulimwi. Ni mzizi wa porini, mwembamba kama kidole, unaufuata ardhini kwa kijiti na kwa mkono, polepole, maana ukiuvuta kwa hasira unakatika. Unausugua, unauchemsha kwa chumvi, unautafuna huku unasengenya watu. Nasra akacheka, akauliza nani atawasha simu ili azungumze habari za ming'oko. Nikamjibu kwamba aliye karibu na ming'oko anakula, haandiki. Atakayeandika ni yule aliye mbali nayo. Akaacha kucheka, akalifungua daftari tena. Alidhani nimetoa hekima.

Hekima gani. Nilikuwa namtafuta mtu mmoja, na nilitaka mlango mwembamba kiasi cha kupita yeye.

Mtu huyo ni Carlota. Wazazi wake walivuka Ruvuma wakikimbia vita vya Mreno, mimi nikiwa na miaka kumi, wakapewa shamba kando ya letu. Walipotajiana ukoo na babu yangu, ikaonekana wao na sisi ni watani tangu zamani, na mambo yakaishia hapo: mimi na Carlota tukawa hatuna tena ruhusa ya kusemeana vizuri. Mtani kazi yake ni hiyo. Akikukuta na nguo mpya anauliza umeiba wapi. Siku ukifa, yeye ndiye anayekuja msibani kuigiza unavyotembea, mpaka wafiwa wanacheka na machozi yanawatoka. Tulichimba ming'oko pamoja miaka tisa, tukitukanana kutoka asubuhi hadi vikapu vijae. Nchi yao ilipopata uhuru, mwaka wa sabini na tano, wakarudi kwao. Kwa miaka mingi nilimpelekea salamu kwa wafanyabiashara wanaovuka, salamu chafu, naye akazirudisha chafu zaidi. Halafu kule ng'ambo kukachafuka, vijiji vikahamwa, na salamu zikakatika.

Watani wangu wengine wamekufa wote. Sasa kila ninayekutana naye ananiheshimu. Shikamoo bibi, kaa hapa bibi, pole na kiuno bibi. Hamjui inavyochosha. Nilitaka kujua kama Carlota yu hai, basi. Lakini jambo kama hilo humwambii mtoto mwenye daftari, atakuonea huruma.

Nasra akafungua jukwaa. Aliandika kanuni saba, na ya kwanza ilikuwa kwamba hapa hakuna matusi. Majibu yangu aliyaandika kwa jina langu, Bibi Somoe wa Mpapura, na kila Jumamosi alikuja kunisomea. Mwanamke mmoja wa Dodoma alitaka kujua kama mng'oko unaota kwenye ndoo. Hauoti. Bwana mmoja wa Mwanza aitwaye Gideoni, ambaye mng'oko aliula mara moja tu akiwa jeshini, alibishana siku tatu kuhusu chumvi. Miezi miwili ikapita, wakafika watu sitini. Mimi kila mara niliuliza kama kuna mtu wa ng'ambo.

"Ng'ambo gani, Bibi?"

"Ng'ambo yoyote." Hakukuwa na mtu.

Mwezi wa tatu akaja amejaa furaha. Alinieleza jinsi jukwaa lake lilivyo tulivu kuliko yote, watu wanapendana, na tangu lianze amemfukuza mmoja tu. Nikauliza nani. Akasema mtu mchafu tu, anajiita Anabela, nisijali. Nikauliza alisema nini. Akakataa kusoma mbele yangu. Nikamkumbusha kwamba baba yake nilimzaa mimi, na njia niliyompatia anaijua, kwa hiyo hakuna uchafu atakaoniletea mpya. Akageuza simu upande, akasoma kwa sauti ya mtu anayeungama:

"Hicho kibibi cha Mpapura kinachofundisha watu kuchimba, mwulizeni kama kimejifunza kuchimba bila kuinua makalio juu kama ungo wa kuanikia muhogo. Nguruwe pori walichimba vizuri kuliko yeye. Tena wana sura."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ungo wa muhogo nilikuwa nikiusikia tangu nina miaka kumi, na duniani ni kinywa kimoja tu kilichowahi kuutaja. Nikacheka, kisha kicheko kikanigeuka kifuani kikawa kitu kingine, na Nasra akaanza kunipepea kwa daftari.

"Umemfukuza mtani wangu," nikamwambia.

Akasema ametukana, na kanuni ya kwanza inakataza. Ikabidi nimweleze yote, Carlota, mto, salamu zilizokatika, na mlango mwembamba niliomdanganya aujenge. Nikauliza amemfukuza lini. Siku kumi na tisa zilizopita. Kwa msichana siku kumi na tisa si kitu. Kwa kizee wa umri wetu ni muda wa kutosha kabisa kuondoka.

Akamrudisha palepale, kwa kubonyeza mara moja, kisha akaanza kuandika kwamba uongozi wa jukwaa unaomba radhi kwa usumbufu. Nikamkamata mkono. Carlota akisikia anaombwa radhi kutoka Mpapura, atajua nimeshakufa na jina langu wanalitumia wengine. Cha kumwita ni tusi tu, tena liwekwe hadharani. Basi nikalitamka, na maskini Nasra, mwenye cheti chake cha chuo, akaliandika kidole kimoja kimoja huku akifumba jicho. Nilisema najua nani anaongea nyuma ya Anabela: ni yule mwenye miguu kama vijiti vya kuchokolea ming'oko, ambaye mchumba wake wa kwanza alipomwona aliomba arudishiwe mshenga. Nasra akaongeza maneno kwenye kanuni ya kwanza: isipokuwa kwa watani. Gideoni wa Mwanza akauliza mara moja kama na yeye anaruhusiwa.

Siku tisa hazikuleta kitu. Nilikwenda porini, nikachimba kidogo, nikarudi na kikapu nusu. Nilijisemea kwamba nilitaka tu kujua kama yu hai, na nimeshajua alikuwa hai siku ile aliyotukana. Moyo haukukubali hesabu hiyo.

Siku ya kumi Nasra hakungoja Jumamosi. Alikuja na pikipiki Jumanne, viatu vimejaa vumbi, akasoma kabla hajavivua. Anabela ni mjukuu wa Carlota. Wako Nampula, mbali sana kusini, tangu walipohama kijiji chao. Bibi yake haoni tena. Simu hawezi, sauti anazisikia kama nyuki. Anachosikia ni Anabela tu, akimsemea sikioni. Kiswahili alimfundisha bibi huyohuyo, ndiyo maana anaandika kwa makosa, asamehewe. Kila Jumamosi anamsomea jukwaa lote, hata ubishi wa chumvi. Lile tusi langu alitaka asomewe mara nne. Siku hizi hatoki kitandani. Na chini kabisa, maneno ya Carlota mwenyewe: miguu yake hata ikiwa vijiti ilijua kukimbia, wakati yangu ilikuwa inatafuta njia ya kwenda chooni.

Tukamshukuru Mungu, kila mtu kwa namna yake.

Jumamosi iliyofuata Nasra alikaa mkekani, simu mkononi, tayari kwa uchafu. Nikafungua mdomo. Nikasema andika, Carlota, nimekukumbuka. Ningali naufuata mzizi mpaka mwisho wake, nikiinua kichwa nikuonyeshe urefu, nakuta majani tu. Ningekuja kama ningekuwa na kiuno. Nasra akaandika yote bila kuniuliza, kisha akajifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Nitume, Bibi?"

Nikamfikiria Carlota kitandani kule Nampula, gizani mchana kweupe, anasemewa sikioni kwamba mtani wake ameanza kumsema vizuri. Sisi tunasemana vizuri lini, kama si mmoja wetu yuko njiani kufa? Angeelewa mara moja kwamba nimeshamlilia.

"Futa."

"Bibi, lakini ni kweli."

"Ndiyo maana unafuta, mke mwenzangu. Futa, andika hivi. Carlota, nasikia umepofuka. Mungu ana huruma, amechoka kukuonyesha sura yako. Lala hapohapo ulipo wala usifanye haraka ya kwenda popote, maana Jumamosi ijayo nina la kukwambia kuhusu mama yako, na bado sijalimaliza kulitunga."

Nasra akasoma tena kuhakikisha hajakosea, akatuma. Halafu akaniuliza kama ni kweli sijalimaliza. Nilikuwa nalo tangu mwaka wa sabini na tano.