Sauti ya Thelathini na Nne

Tsuyako Ubukata alikuwa na uwezo wa kununua kitu kimoja tu, na vilivyotakiwa vilikuwa vitatu. Ndiyo maana hii ilikuwa Jumamosi yake ya nne kupanda ngazi nyembamba za duka la Hatanaka, pale Nipponbashi, Osaka, mkoba ameubana kwapani kama mtu anayekwenda hospitali kuchukua majibu.

Hedifoni, amplifaya, au mashine mpya ya kuchezea muziki? Ungedhani ni swali la dakika mbili. Waulize watu wa duka lile uone. Hatanaka, mwenye duka, mwanamume wa makamo aliyefunga nywele zake kisogoni, alishikilia kwamba mtu huanza na kinachogusa sikio. Mzee Kajitani, mteja aliyefika kila siku kujaribu kila kitu bila kununua chochote, alishikilia kwamba kama mashine inatoa takataka, hedifoni nzuri itakusikilizisha takataka hizo vizuri zaidi. Wamebishana hivyo miaka kumi na moja, na hakuna aliyechoka.

"Bi Ubukata, usimsikilize huyu," Hatanaka alisema alipomwona akiingia. "Mwaka jana alitaka kusimika nguzo yake mwenyewe ya umeme uani. Eti umeme wa jirani unamchafulia sauti."

"Mke wangu ndiye aliyekataa," Mzee Kajitani alisema, wala hakuona haya. "Aliniambia nichague, nguzo au yeye. Nikaomba siku mbili za kufikiri."

"Ukachagua nini?" Tsuyako aliuliza.

"Siku mbili bado hazijaisha."

Tsuyako alicheka, akakaa kwenye kiti kirefu mbele ya kaunta. Alikuwa na miaka sitini na mbili, na thelathini kati ya hiyo ameipitisha akipiga pasi mashati ya watu katika duka la dobi. Kopo lake la sarafu za yen mia tano lilikuwa limejaa mwezi uliopita. Hakuwahi kujinunulia kitu cha anasa maishani, na hata hiki hakukihesabu kuwa anasa. Alikihesabu kuwa dawa.

"Leo nimekuja nao wimbo wangu," alisema.

Huo ndio utaratibu wa duka lile. Vyombo havijaribiwi kwa muziki wa mwenye duka, maana huo umechaguliwa ukupendeze. Unakuja na wimbo unaoujua mpaka pumzi zake, kisha unasikia chombo kipya kinakuonyesha nini ambacho hukukijua. Hatanaka alimweleza hivyo Jumamosi iliyopita. Tsuyako akafungua mkoba, akatoa mashine ndogo iliyochubuka pembe, na ndani yake kidiski cha MD, vile vya zamani vya kurekodia, chenye mwandiko wa marehemu mume wake.

"Loo, MD," Hatanaka alisema polepole, akikigeuzageuza kama yai. "Sijakishika hiki sijui tangu lini. Ni wimbo gani?"

"Mashindano ya kwaya ya shule. Darasa la binti yangu, alipokuwa kidato cha pili. Mimi nilikuwa kazini, baba yake ndiye aliyekwenda kurekodi."

"Na unatafuta nini humo ndani? Besi? Sauti nyembamba?"

"Namtafuta yeye," Tsuyako alisema.

Basi akawaeleza, jambo ambalo Jumamosi tatu zilizopita lilimshinda. Binti yake, Michiru, anaishi Sapporo, mbali huko kaskazini. Tangu mazishi ya baba yake, miaka mitatu sasa, hajatia mguu Osaka. Hawakugombana. Ingekuwa afadhali wangegombana, mtu angejua pa kuanzia kuomba radhi. Wanaandikiana tu kwenye simu: je, hali, nzuri, theluji imeanguka, kisha kikaragosi cha dubu anayeinama. Kupigiana hawapigiani. Na siku moja, akiwa anapiga pasi kola ya shati, Tsuyako aligundua kwamba amesahau sauti ya mwanawe. Uso aliukumbuka, hata kovu la gotini. Sauti ndiyo ilikuwa imeondoka, na kuikosa kulimuuma kuliko alivyodhani kitu kisichoonekana kinaweza kuuma.

Kilichobaki ni kidiski hiki. Watoto thelathini na nne waliimba pamoja, na katika vile vidude vyake vya zamani vya masikioni wote walikuwa uji mmoja. Jioni ile ya mashindano alimuuliza mume wake kama Michiru aliimba vizuri, naye akamjibu kwa ufupi, "Alikuwa mle." Jibu la ajabu kidogo, lakini mume wake hakuwa mtu wa maneno. Tangu hapo Tsuyako aliamini kwamba akipata chombo kizuri, atamchomoa mwanawe katika wale thelathini na nne kama anavyochomoa uzi mmoja kwenye kitambaa.

Hatanaka akafungua kabati la kioo na kutoa hedifoni ambazo bei yake hakuitaja. "Hizi si za kununua," alisema. "Ni za kusikia. Ukishajua kilichomo, tutajua pa kuanzia." Akaiunganisha ile mashine na amplifaya kubwa nyuma ya kaunta, akambonyezea.

Tsuyako alifumba macho. Uji ukawa punje. Alimsikia mvulana wa kushoto ambaye sauti yake ilikuwa inavunjika, na msichana mwenye kikohozi, na kiatu cha mwalimu kikigonga sakafu. Akaenda moja kwa moja safu ya kati, upande wa kulia, ambako kwenye picha ya siku ile Michiru amesimama. Alimsikia aliyesimama kushoto kwake. Alimsikia wa kulia. Katikati yao palikuwa na pengo, kama jino lililong'oka.

Akaomba arudiwe. Mara ya tatu ilipokuwa ikicheza, mteja mwingine alimwita Hatanaka upande wa pili wa duka. Wimbo ukaisha, makofi yakaanza. Miaka yote Tsuyako alikuwa akizima hapo, kwa kuwa katika vile vidude vyake makofi yalikuwa mvua ya mawe juu ya bati. Safari hii mashine ilikuwa nyuma ya kaunta, mkono haukufika, na Hatanaka wa kuizima hakuwapo. Makofi yakapungua, yakaisha. Nguo ikachakarika. Halafu sauti ikasema chinichini, karibu kiasi kwamba aligeuka kutazama.

"Baba, umerekodi?"

"Nimerekodi. Mmeimba vizuri."

"Mimi sikuimba. Nilifanya paku-paku tu."

Paku-paku ni mdomo wa samaki kwenye bakuli, unaofunguka na kufungika bila sauti. Kila darasa la kwaya lina mtoto wake anayefanya hivyo.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Mama anasema sauti yangu kama mlango wa kabati. Usimwambie lakini. Mwambie tu nilikuwa mle."

"Nitamwambia," baba alisema, na kidiski kikafika mwisho.

Tsuyako alikumbuka. Alikuwa anaosha vyombo, mtoto anaimba mezani, naye akamtupia hilo la mlango wa kabati bila hata kugeuka. Wakacheka wote wawili. Osaka watu hupendana kwa kutaniana, nani angelichukulia moyoni? Sasa akajaribu kukumbuka ni lini tena Michiru aliimba ndani ya nyumba ile. Hakuikumbuka hata siku moja.

"Umempata?" Hatanaka aliuliza aliporudi.

"Nimempata."

"Basi tuanze na hedifoni. Bei tutaelewana."

"Leo sinunui, Bwana Hatanaka. Unisamehe."

Alishuka mpaka kwenye kona ya ngazi, akasimama kando ya mashine ya vinywaji, akatoa simu yake ya bei rahisi. Hakuandika. Alipiga.

"Mama?" sauti ilisema upande wa pili, ya kukwaruza. "Kuna nini? Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki."

"Sasa mbona umepiga?"

Alikuwa na maneno ya kuomba radhi, ameyapanga vizuri tangu juu kwenye ngazi. Yote yakamtoka kichwani.

"Nilitaka kusikia sauti yako."

Michiru akacheka kidogo, kicheko cha puani.

"Umechagua siku mbaya. Nina mafua. Leo mlango wa kabati unakwaruza kuliko kawaida."

"Ufungue tu hivyo hivyo, mwanangu," Tsuyako alisema. "Nasikiliza."

Akaziba sikio la pili kwa kidole, asipitwe na neno.