Samaki Mwenye Hereni

Miza alikuwa mchora hina katika saluni moja ya mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, Doha, na maharusi aliowapamba hata yeye hajui idadi yao. Lakini tangu Ranjana, jirani yake wa mlango wa pili aliyekwisha kujifunza Kiswahili kwake, amwonyeshe kwenye simu ukuta wa chumba cha harusi kwao Janakpur, Nepal, wenye mayungiyungi na kasuku na samaki wa macho makubwa kama vikombe vya kahawa, roho yake haikutulia.

"Shoga, nataka kuchora samaki mmoja tu kwenye ukuta kama ule," alisema.

"Basi twende. Mdogo wangu anaolewa mwezi ujao. Ila ukuta una mwenyewe, Kaki, mke wa ami yangu. Yeye ndiye anayesema nani ashike kijiti cha kuchorea."

Vuai, mumewe Miza, alicheka mpaka chai ikampalia. "Wenzio wakitoka Doha wanakwenda Umra. Wewe unakwenda mji wa mahujaji wa Kihindu kuchora samaki."

"Endelea kusema, nichore wawili."

Akaenda, mtoto wao Zuwena mgongoni. Janakpur ikampokea kwa kengele, maua ya manjano, na vibajaji vya umeme vilivyopita bila sauti mpaka vikugonge kisigino. Alipoliona hekalu la mungu wa kike Sita, jeupe lenye kuba na roshani nyingi kama jumba la sultani, alisimama kinywa wazi hata Ranjana akamvuta ushungi. Kina mama kwa wasichana, wakubwa kwa wadogo, walikuwa wakichora: kwenye kuta, kwenye karatasi, hata kwenye magudulia ya maji. Miza akajihisi yuko karamuni, na chakula bado hajapewa.

Maana Kaki alikataa. Alimtazama mara moja tu, kijiti chake cha mwanzi chenye pamba nchani kikidondosha rangi nyekundu, akasema, Ranjana akitafsiri, "Mgeni hula. Hachori."

Basi Miza akala. Sahani ya tatu ilipowekwa, wanawake wakaanza kumwimbia huku wanapiga makofi. Ranjana akamtafsiria, uso umemwiva kwa kicheko: "Wanasema mgeni wetu amekula sahani tatu, na huko Doha mumewe analamba sufuria."

Miza akaweka tonge chini. Mtoto wa Unguja kupigwa kijembe mbele za watu, tena cha wimbo, kisha anyamaze? Akafunga ushungi vizuri, akaimba na yeye: "Mhesabu sahani za mgeni, zake ataziosha lini?"

Makofi yakakatika. Ranjana akamfinya. "We Miza, hizi nyimbo ni heshima ya karamu. Mgeni hutukanwa, akacheka, basi. Hajibu."

Miza alitamani sakafu immeze. Akaona fursa ya samaki imekufa kifo cha mdomo. Lakini Kaki alikuwa amekwisha kusogea. "Kasema nini?" Ranjana akamtafsiria. Akajishika mbavu, akacheka kicheko cha chinichini kilichomtikisa bangili zote.

"Sikia, binti. Kesho bwana harusi anakuja na watu arobaini, wote hodari wa maneno. Nifundishe tusi la kwenu wasiloweza kulijibu, nami nitakupa kijiti. Wakilijibu, samaki wako nampaka chokaa."

"Watajibu vipi, Kaki? Kiswahili nani anakijua hapa, zaidi ya Ranjana?"

Akamfundisha, na jioni ile akachora, ulimi nje kama mtoto wa chuo cha Kurani. Mkono wake wa hina haukuweza kujizuia, na samaki akatoka na hereni mbili.

Kesho yake, bwana harusi Dipendra na watu wake walipokaa kula, Kaki akawasimamia, akaimba kwa lafudhi iliyovunjika mbavu: "Tumbo limefika mapema, adabu iko njiani!"

Wale arobaini wakatabasamu wasielewe. Dipendra peke yake akainua kichwa.

"Sawa, mama, tumeskia," alisema. "Lakini ugali iko wapi?"

Miza nusura amwangushe Zuwena. Kumbe bwana harusi alikuwa dereva wa basi la kampuni huko Industrial Area, Doha, na miaka sita amelala chumba kimoja na Wakenya wawili, Augustine na Cyrus.

Kaki akageuka. Aliingia chumba cha harusi, na Miza akamfuata mbio, Ranjana nyuma yake. Alimkuta ameinama mbele ya ukuta. Lakini kijitini hapakuwa na chokaa, palikuwa na rangi nyekundu. Ubavuni mwa samaki mwenye hereni alikuwa anachora mwingine, mdogo, kinywa wazi.

"Huyu ni bwana harusi," Kaki alisema. "Anajibu sana. Huyu wako mwenye hereni ndiye mke wa kumnyamazisha."

Miza akapiga picha, akamtumia Vuai pamoja na kisa chote. Jibu lilirudi kabla hajafuta machozi ya kicheko:

"Wazuri. Sasa huo ugali ulipatikana?"