Marehemu Mwenye Pengo

Jumatatu, tarehe tisa Juni. Asubuhi ilikuja na manyunyu ya kulowesha viatu tu. Mama Pacha aliketi kwenye benchi la ofisi ya fidia ya bandari, nyuma ya wajane wawili, akamwomba Mungu ampe karani moyo laini, au angalau awe amekunywa chai.

Mungu hakuwa ameshughulikia hata moja.

"Mama, tulishaongea," karani alisema, macho kwenye daftari la zamu. "Siku ya ajali mumeo alikuwa mapumzikoni. Aliyeangukiwa na magunia ya mbolea ni mwenye kadi namba mia nne na kumi."

"Huyo yuko hai. Jana nimemwona anagombana na kinyozi."

"Kwetu amekufa. Hata mshahara tumeufunga."

"Na niliyemzika mimi ni nani?"

"Hilo si la idara hii."

Makuli wote walijua mambo yalivyo. Mtu akiwa na dharura, humpa mwenzake kadi. Mwenzake huingia nayo getini na kubeba mizigo kwa jina lake. Ukibambwa, unafukuzwa. Siku ile mume wa Mama Pacha alishika zamu ya rafiki yake Winchi, aliyekwenda kung'olewa jino. Tangu mazishi, shavu la Winchi lilikuwa limepona, ila mdomo ndio haukufunguka.

Mama Pacha alimkuta nje ya geti, amevuta kofia hadi puani.

"Shemeji, pole na msiba."

"Pole wewe. Si ndiwe uliyekufa?"

"Usinitanie, shemeji. Nikisema tu, kazi sina."

"Kazi gani? Wenzako wanapokea mshahara, wewe unaombewa upumzike kwa amani."

"Nina watoto watatu."

"Mimi wawili. Na baba yao alikufa na jina lako mfukoni." Akajifuta pua kwa ncha ya kanga. "Nakuombea kila siku, Winchi. Naona hata Mungu ameanza kukuchoka."

Winchi alisukuma kofia nyuma, akamfuata hadi ofisi ya fidia.

"Mimi ndiye mia nne na kumi," alimwambia karani. "Kadi nilimpa mimi. Ushahidi huu hapa." Akapanua mdomo.

Karani alilikagua lile pengo kana kwamba anatafuta pa kugonga muhuri. "Unajua hapo umejifukuza kazi?"

"Najua."

"Baraza la madai linakaa Ijumaa. Bila wewe mwenyewe, faili hili nalifunga. Utafika?"

Winchi akautupia jicho mlango. Mama Pacha akamshika mkono wa shati.

"Sema kwa sauti. Hawa mama wasikie."

Wajane wawili waliinuka kwenye benchi, wakasogea.

"Ijumaa nitasimama mbele ya baraza," Winchi alisema kwa sauti, "niseme alikufa akifanya kazi yangu, kwa kadi yangu. Nisipofika, mama zangu, njooni mnizike."