Kibaba Kilichojaa Kikiwa Kitupu

Haba na haba haikujaza kibaba. Katika ofisi ya shamba la chai karibu na Kimulot, mwaka wa 1996, kibaba kilijaa kikiwa bado kitupu.

Kibaba chenyewe kilikuwa kadi ya kumbukumbu, nyembamba kama biskuti, iliyochomekwa ubavuni mwa kompyuta. Kila mtu wa shamba alitakiwa kuwa na faili yake humo. Karani Chelimo alizipanga zote mlangoni mwa kadi, bila folda, kwa kuwa meneja Robert alitaka watu wakae humo kama kwenye safu ya asubuhi: wote mbele, awaone. Mlango ulikuwa na viti, yaani nafasi za faili, mia tano na kumi na viwili. Mjane Nyambeki, aliyekuwa amekwenda kwao Kisii kumzika mamake, alirudi akakuta vyote vimekaliwa na yeye hajaandikwa. Kadi ikamkataa, ingawa ndani ilikuwa pana kama uwanja.

Tangu hapo majani yake hayakuwa na uzito. Kikapu kilifurika, mshale wa mizani ukabaki kwenye sifuri.

"Mama, leo pia umechuma hewa?" Kipyegon wa mizani akamtania.

"Hewa, na bado lori lenu linaibeba."

Lori liliibeba kweli. Kiwandani ilikaushwa, ikatiwa magunia, ikauzwa. Wachumaji walisema tu kwamba kadi ni kadi. Lakini mchumaji asiye na uzito hakai nyumba ya shamba, na Nyambeki alikuwa na watoto ndani ya hiyo nyumba.

"Tufungue folda," Chelimo akamwambia meneja. "Ndani yake wataingia hata elfu. Shida ni kwamba folda nayo inataka kiti mlangoni. Lazima mmoja atoke kwanza."

"Watu wangu siwaweki guniani kama mahindi. Huyo mama afungashe. Ijumaa nyumba inapata mtu mwingine."

Chelimo hakusomea diploma ili awafungashe wajane virago. Alhamisi, meneja alipokwenda kula, alimtoa mtu mmoja mlangoni, akafungua folda kwenye kiti chake, akamwingiza Nyambeki. Jioni mshale ulishuka kwa kishindo, Kipyegon akaruka nyuma.

Jioni hiyohiyo meneja alipita kwenye matope na viatu vyake havikuacha alama. Upepo wa Mau ukamnyanyua, ukamtundika kwenye ua wa ofisi. Askari wa shamba wakamshusha, wakamfunga kitini kwa kamba ya magunia, kazi ikaendelea.

"Chelimo, ni mimi umenitoa?"

"Ni wewe, bwana meneja. Nafasi yako iko kwenye folda, nyuma ya Mama Nyambeki. Nikuingize?"

"Mimi? Nyuma ya mchumaji?"

"Nyuma yake tu."

Akakataa. Afadhali kamba. Majani ya Nyambeki ya wiki zilizopita alisema hayalipwi, kwa kuwa mizani haikuyaona.

Asubuhi safu ilisimama kama kawaida. Meneja alielea juu yake, askari wawili wamemshika miguu.

"Futa hiyo folda, unirudishe mlangoni," akasema kutoka juu, "halafu uombe msamaha, wote wasikie."

Chelimo akamtazama Nyambeki, ambaye viatu vyake vya mpira vilikuwa vimezama matopeni hadi vifundoni. Kisha akainua uso.

"Sifuti," akasema. "Na msamaha siombi."